Nyundo Isisikike

4 desemba

Mutoto yetu Hénoc ametia jicho ya shaba mu pua yake sasa hivi. Niligeuka tu kuchukua karatasi, nikasikia anapiga chafya, nikamuona ananiangalia na uso ya mutu mwenye anajua amefanya bubaya. Nikafunga tundu ingine na kidole, nikamuambia, “Puliza, papa, puliza nguvu.” Akapuliza. Jicho ikaruka mpaka mu sufuria ya maji. Akacheka mpaka akaanguka na matako. Mi nilicheka pia.

Macho yenye nasema hapa ni yale ya shaba, duara, yenye tundu katikati, sawa yale ya viatu mwenye kamba inapita. Djo, bwana yangu, wee unayajua, lakini naandika yote juu uliniambia niandike yote. Ulisema, nikisimulia na kinywa nasahau nusu. Sasa uko Mantapala mu shamba ya kaka yako, ziwa imefungwa, kuvua imekatazwa mpaka mwezi wa tatu, samaki hakuna, biashara hakuna. Basi kazi yangu njo itatulisha, mi na mutoto.

Leo nimetengeneza karte za kilio ya katekista muzee. Bamama ba kanisa batazivaa mu shingo, foto yake na jina yake na kamba nyeusi, sawa vile tunafanyaka kwetu Moba, ng'ambo ya mpaka. Hata Babemba ba hapa Kashikishi bameanza kuziomba. Ukitoboa karatasi bure na kupitisha kamba, mvua ikinyesha tundu inapasuka, uso ya marehemu inaanguka chini. Ni haya kubwa kwa jamaa. Ukitia jicho, inashika.

Mama Agnès alikuya kuangalia. Alishika karte mu mukono, akapitisha kidole nyuma ya jicho kuona kama inakwaruza. Haikukwaruza. Akasema, “Tantine Camille yako, mwenye alikufundisha hii kazi, kule ku mbingu, anatembea na kifua mbele.” Mama huyu nampenda. Ni jirani, chumba yake na yetu ukuta moja, na ni yeye alikata kitovu ya Hénoc ile siku gari ya lopitali ilikosa njia mu matope. Mujukuu yake Chouchou, wa miaka ine, anamubeba Hénoc mu mugongo sawa mama mukubwa, miguu ya Hénoc inafuta vumbi.

Mwenye lupango, hii kiwanja na byumba tunapanga, Ba Thelma, alipita, akaangalia karte, akaendelea na njia yake. Yule mama namuogopa.

6 desemba

Mvua. Karatasi imelainika. Hakuna kazi.

7 desemba

Mvua.

10 desemba

Leo nimepata akili. Karatasi ikishika unyevu, chuma ya kutoboa haikate, inatafuna. Tundu inatoka na manyoya, na jicho haisimame sawa. Lazima karatasi ikauke. Basi siku ya jua, asubuhi mapema, natoboa na kugonga mingi, bila foto, bila jina. Nafunga mu plastiki. Mutu akikuya na foto yenye Carlos, mupiga foto wa pa soko, amemutolea, nabandika tu, naandika jina, anaenda.

Njia ya kugonga ni ile moja yenye tantine alinifundisha. Shingo ya jicho inapita mu tundu toka mbele. Unageuza, uso ya jicho inalala mu kitako, ile chuma ya chini yenye shimo. Unasimamisha chuma ya kukunja mu shingo, wima, sawa mutu anasali. Unagonga mara moja, nguvu. Kisha mara moja tena, polepole, sawa unamuomba samahani. Ko. Ko. Shingo inafunguka sawa maua na kulala. Ukigonga na kona, inapasuka upande moja, inatoa makucha. Na chini lazima kuwe kugumu. Naweka kitako pa simenti ya mulango, hakuna pengine.

13 desemba

Kolera imefika. Banasema ilianzia ku kambi ya benye kuvua kwa wizi, ng'ambo ya kisiwa ya Kilwa, benye kunywa maji ya ziwa. Batu babili bamekufa.

Mutu mwenye kolera inamuua harudishwe nyumbani. Batu ba afya banamuzika na manguo yao ya plastiki, jamaa banasimama mbali na kunyoosha shingo. Ku kilio hakuna maiti, hakuna sanduku ya kushika. Kuko karte tu. Leo niliona muke moja anaongea na ile karte, anaiuliza kwa nini haikumuaga.

Nilirudi nyumbani nikachemusha maji ya kunywa ya Hénoc mara mbili.

15 desemba

Jua. Niligonga toka asubuhi mpaka Hénoc akaamuka.

18 desemba

Jua tena. Nilikuwa pa mulango na nyundo, Davies wa chumba ya mwisho, mwenye anatengeneza makinga, baiskeli za batu, alikuwa anasugua meno. Akaita na povu mu kinywa:

“Ba Ko-ko-ko! Leo unagonga ya nani?”

“Ya mutu yeyote.”

“Ya mutu yeyote? Basi toa yangu mule ndani, mama. Mi sijaoa bado, siwezi kufa na kitanda ya peke yangu.”

Batu bote mu lupango bakacheka. Hata Ba Thelma, kidogo, na pua. Mama Agnès hakucheka. Alikuya kuinama mbele yangu, akachukua fungu ya karte.

“Mutoto yangu, nani amekufa?”

“Hakuna, mama. Ni za kuweka.”

“Za kuweka.” Alifungua plastiki. “Hii ya juu ni ya nani?”

“Haina mutu, mama. Nitabandika foto mutu akikuya.”

“Karte ya kilio inakosa mutu?” Alizirudisha mu mikono yangu polepole sawa zinachoma. “Basi inatafuta.”

Nilimueleza mambo ya unyevu, ya karatasi yenye kutafunwa. Alisikiliza yote. Kisha alimuita Chouchou atoke pa mulango yangu.

20 desemba

Mvua. Chouchou hakukuya kumubeba Hénoc. Hénoc alisimama pa mulango yao na kuita “Sususu, Sususu” mpaka nikamutoa.

22 desemba

Asubuhi kulikuwa jua, niligonga. Saa ya kula bukari, ugali ya muchana, tukasikia kelele barabarani. Mwamba, fundi wa manguo, ile asubuhi alikuwa anafungua duka yake, ameanguka na kolera. Mbele ya jua kuinama alikuwa amekwisha.

Muke yake alikuya kuomba karte. Nilikuwa nazo, tayari. Nikatoa fungu mu plastiki, nikabandika, nikaandika jina, na mule nikiandika nikasikia lupango yote imenyamaza. Niliinua kichwa. Bote bananiangalia mikono. Davies hakufanya muchezo. Muke ya Mwamba peke yake njo hakuona kitu, alisema, “Merci, mama, umekuwa mbio.”

Umekuwa mbio. Ile neno ililala na mimi.

25 desemba

Noeli. Niliua kuku, nikapeleka sehemu kwa Mama Agnès. Alisema bameshiba.

27 desemba

Leo bamenisambisha, sawa kesi ya korti, Djo. Sijui kuita namna ingine.

Mama Agnès njo aliita batu. Alikala pa kiti yake ya kuuzia makala ya kupikia, Chouchou mu magoti yake, akamushika sawa mutu anashika sufuria yenye maji ya moto. Alisema na sauti ya chini. Kama angepiga kelele ningejua kumujibu. Alisema: “Mi simuite mulozi. Nilikata kitovu ya mutoto yake. Nasema ile nyundo. Inagonga asubuhi, muchana mutu anaenda. Inaita. Labda yeye mwenyewe hajue inaita.”

Nilisema, “Mama, kolera iko ku wilaya yote ya Nchelenge. Kwenye batu habasikie nyundo yangu, habafe?”

“Bafe kwao. Hapa kuko Chouchou.”

Davies alisema, “Mama Hénoc, gongea basi pa soko.” Nikamuuliza, pa soko nitapata wapi simenti kavu mu hii mvua, na Hénoc nitamuacha na nani? Alikuna kichwa. Mutu ya muchezo, ukimuondolea muchezo hana kitu ingine.

Ba Thelma alikuwa anachagua maharagi, kichwa chini. Nilifikiri atanitosha leo leo, byombo byangu mu barabara. Alisema na Kiswahili yake ya soko: “Nyundo isisikike mu lupango yangu. Mimi sisemi inaua. Nasema sitaki kelele ya batu.” Kisha akaendelea na maharagi.

Nikaitika. Ningefanya nini? Nilienda kufunga nyundo mu kitambaa, Hénoc akafikiri ni mutoto, akaibusu.

29 desemba

Nimejaribu kufanya bila sauti. Niliweka kitako juu ya blanketi yenye kukunjwa mara ine. Nyundo inaanguka bila sauti, lakini chini kunabonyea, nguvu inapotea, shingo inakunjika upande moja. Nikajaribu kusukuma na mukono, na uzito yangu yote, mpaka kiganja ikatoka alama. Nikajaribu na mguu ya kitanda. Macho yanashika, lakini yanashika sawa mutu mwenye anashika muti na bidole bibili. Ukivuta kamba, yanacheza.

Nilipitisha kidole nyuma. Inakwaruza.

31 desemba

Marlène, mwenye kuleta bitenge toka Pweto, amepoteza mutoto yake mwanaume wa miezi nane. Alituma mutu aombe karte. Karte za zamani zimekwisha, kuko zile za blanketi tu. Nilitaka kukatala. Lakini maiti haitarudi nyumbani, na mama bila karte atashika nini? Nikazitoa. Nilijiambia, labda mvua haitanyesha.

1 januari

Mvua ilinyesha.

Nilienda ku kilio na Hénoc mu mugongo. Bamama balikuwa banaimba chini ya baji, ile turubai ya kilio, upepo ikatoka ku ziwa, mvua ikakuya ya kulala. Marlène alisimama katikati, karte mu kifua. Niliangalia ile jicho, sikuangalia kitu ingine. Niliona makucha inavuta kamba. Niliona karatasi inafunguka. Nilikuwa mbali, na hata ningekuwa karibu ningefanya nini?

Uso ya mutoto ikaanguka mu matope, juu chini.

Nyimbo ikakatika. Marlène aliinama, akaiokota, akaipangusa na kitenge. Matope ikatoka, na sura ikatoka pia, juu wino ya Carlos haipende maji. Alipangusa tena, sawa vile unapangusa kinywa ya mutoto akikwisha kunyonya, polepole, mpaka karatasi ikawa nyeupe. Akaangalia ile nyeupe. Nilifikiri atanitukana. Alisema tu, “Za kwanza zilikuwa zinashika.”

Mama Agnès alikuwa pale. Aliona yote. Hakuniangalia.

Nimerudi, nimeketi. Hénoc amelala na kinywa wazi. Sijawahi kufanya kitu mubaya na mikono hii, Djo, na leo nimefanya, na nilijua mbele.

3 januari

Djo, ulipiga simu. Nilikuambia yote haraka haraka mbele ya simu kukatika. Ulisema, “Kuya huku.” Nikakuuliza huko tutakula nini. Ulisema mahindi bado iko pa magoti. Kisha ukaomba kusikia Hénoc. Hénoc alipumua tu mu simu, ukacheka, nafikiri ulikuwa unalia.

Bamama ba kanisa bamekuya kuomba karte. Nimekatala. Nimesema nimeacha.

5 januari

Mvua. Niliuza mboga ya viazi. Karibu hakuna mwenye alinunua kwangu.

9 januari

Mama Agnès amepiga mulango yangu na ngumi mbili. Nilifungua. Alikuwa bila kitambaa ku kichwa, sijawahi kuona nywele yake, ni nyeupe yote.

“Umegonga?”

“Sikugonga, mama.”

“Nilisikia.”

“Mama, ni tone ya mvua mu beseni. Angalia, bati yangu inavuja. Sikiliza.”

Tukasikiliza bote. Ko. Ko. Alisikiliza na kinywa wazi. Nafikiri kwa siku mingi anaingoja na masikio yake yote, na mutu akingoja hivi, itakuya tu, hata toka mu beseni. Akasema, “Chouchou tumbo inamuendesha toka asubuhi. Maji tu. Maji sawa ya muchele.”

Nilipita mbele yake, nikaingia mule kwake, nikamuinua Chouchou. Alikuwa mwepesi kuliko Hénoc. Macho yake imeingia ndani, ngozi ya tumbo ukiishika inabaki imesimama. Niliita “Davies! Kinga!” na Davies akatoka bila shati, bila muchezo. Mama Agnès alikala nyuma ya kinga na mutoto mu mikono, Davies akasukuma mu matope mpaka ku mahema mwenye banaweka bagonjwa. Mi nilibaki barabarani, mikono yangu imelowa.

Ba Thelma alinikuta pale. Alinimwangia maji ya klorini mpaka ku kiwiko, kisha akafuata mpaka kwangu, akamwanga mulango, simenti, beseni. Akasema, “Mutoto yako usimuguse mpaka imekauka.” Toka nimeanza kukala hapa hajawahi kusema na mimi maneno mingi hivyo. Alipofika pa nyundo mu kitambaa, aliiinua, akaiweka juu ya kabati mwenye Hénoc hafike.

10 januari

Davies anasema bamemutia serumu mu mushipa. Anapumua.

Batu ba lupango ya ng'ambo bamesimama ku lango na kuangalia mulango yangu. Muke moja alisema kwa sauti, ili nisikie: “Yule mutoto akienda, tutajua mwenye alimuita.” Ba Thelma aliweka kiti yake katikati ya lango, akaanza kuchagua maharagi. Nafikiri yale maharagi alikwisha kuyachagua.

Nimefunga manguo ya Hénoc mu fuko. Kama batakuya, nitaenda Mantapala kwa miguu, mahindi ikiwa pa magoti ikiwa pa mabega.

11 januari

Chouchou amekunywa. Ameuliza Hénoc iko wapi! Davies alipiga kengele ya kinga toka barabarani kuleta ile habari. Nimesali nimepiga magoti pa ile simenti. Nimemuambia Hénoc, “Sususu anakuya,” na ameenda kusimama pa mulango yao.

12 januari

Asubuhi. Davies amerudi polepole, anasukuma kinga, hakukala juu yake. Nimejua.

Usiku kolera ilimugeukia Chouchou, amekwisha. Hatutamuona. Batamuzika kule, na Mama Agnès atasimama mbali sawa bale bengine, na atarudi mikono wazi.

Batu bako ku lango. Nasikia jina yangu. Muke moja anasema bachome bintu byangu, karatasi yote, na nyundo batupe mu ziwa. Nasikia Ba Thelma: “Mwe bantu! Bwana yangu alikufa na kolera mwaka ule, nani alikuwa anagonga hapa? Hapa kulikuwa kuku tu. Mungechoma kuku?” Lakini hakuna mwenye anaondoka.

Hénoc iko mu mugongo yangu, fuko iko pa miguu. Sijui kama nimukimbie Mama Agnès ao nimukimbilie. Djo, kama utasoma hii mbele ya kunisikia, ujue sikugonga. Toka kilio ya mutoto ya Marlène sikugonga hata mara moja.

Mama Agnès anapita katikati yao, bamemufungulia njia, hata Ba Thelma ameondoa kiti. Anatembea bila kiatu. Iko na foto mu mukono, ile ya Chouchou na nguo ya kanisa, ameifunika na kiganja juu ya mvua. Amesimama pa mulango yangu, bote nyuma yake. Haangalie fuko.

Anasema, “Mama Hénoc.” Anasema, “Toa nyundo. Gonga vile unajua kugonga, bote basikie. Huyu wangu asianguke.”

Karatasi ina unyevu, lazima kwanza niikaushe pa moto, basi naweka hii kalamu chini, naenda kushusha nyundo toka juu ya kabati.